Harufu Inayobaki Chupani

Katika nyumba nyingi za Dodoma, na katika uwanda wote wa juu wa kati ya nchi, chupa tupu haihesabiwi kuwa takataka. Chupa iliyokuja na soda hutiwa mafuta ya alizeti. Iliyokuja na mafuta hutiwa asali. Iliyokuja na mvinyo wa zabibu za Dodoma hutiwa maji ya ubuyu au ya ukwaju. Vyombo vya plastiki vimekuwa vingi siku hizi, lakini chupa ya kioo haijaachishwa kazi, maana haipenywi na mafuta, haishiki rangi, tena humwonyesha mtu kilichomo ndani bila ya kufunguliwa.

Lakini chupa inayofanya kazi ya pili ina ila moja: aghalabu huikumbuka kazi ya kwanza. Mtu hununua asali njema, akaitia katika chupa aliyoiosha kwa mikono yake mwenyewe, na baada ya siku tatu asali ile yanuka achari. Mwingine hutia maziwa katika chupa inayong'aa, nayo yakachacha kabla ya jioni. Hivyo mali ya watu huharibika kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa macho. Na liko jambo zito kuliko hilo. Pengine harufu iliyobaki ni onyo, na mtu anayeiondoa bila ya kujua asili yake aweza kumdhuru aliye mdogo nyumbani mwake.

Basi katika somo hili tutajifunza mambo mawili: kwanza, jinsi ya kuondoa harufu katika chupa, pili, jinsi ya kuitambua chupa ambayo haipasi kutiwa chakula, hata ikioshwa mara mia.

1. HARUFU NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani ya kuwa harufu ni kitu kisicho na mwili, kama kivuli. Sivyo. Jirani yako achomapo nyama, chembe ndogo mno hutoka katika nyama ile, zikachukuliwa na hewa, zikaingia puani mwako. Chembe hizo ni ndogo hata darubini ya shuleni haiwezi kuzionyesha. Lakini ni kitu halisi, nazo zilitoka katika kitu kingine.

Ndani ya pua, upande wa juu, mna vipokezi ambavyo kazi yake ni kuzishika chembe hizo na kupeleka habari kwenye ubongo. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kwamba wamegundua kundi kubwa la jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo. Na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mwanadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu, na kwa kuvichanganya huweza kupambanua harufu nyingi sana.

Habari hii yatupa kanuni ya kwanza: penye harufu, kitu kimebaki. Chupa ikinuka samli, samli imo ndani, ingawa jicho halioni kitu. Kwa hiyo harufu haiondolewi kwa kuifunika na harufu nyingine iliyo kali kuliko yenyewe. Anayetia karafuu katika chupa inayonuka hakumtoa mgeni wa kwanza, amemwongezea mwenzake. Dawa ya harufu ni moja tu, nayo ni kukitoa kitu kinachoizaa.

Tena yafaa kujua ya kuwa pua huchoka. Mtu akikaa muda mrefu mbele ya harufu moja, pua huacha kumpasha habari, akadhani harufu imekwisha. Kwa hiyo ukitaka kuipima chupa uliyoiosha, usiinuse papo hapo. Ikaushe, izibe, uiache juani nusu saa, maana joto huzirusha chembe zilizojificha. Wewe nenda ukafanye kazi nyingine mahali penye hewa safi. Kisha rudi, zibua, ukanuse mara moja tu. Hukumu ya pua iliyopumzika ndiyo hukumu ya kweli.

Lakini sikilizeni: kipimo hiki ni cha chupa ambayo unajua ilikuwa na nini. Chupa iliyookotwa, ambayo hakuna aijuaye habari yake, haipelekwi puani wala haitiwi chakula. Sababu yake mtaiona mwishoni mwa somo.

2. KIOO NA KIBUYU

Wafugaji wa Ugogo, kama wafugaji wengine wengi wa Afrika ya Mashariki, wamezoea kuweka maziwa katika vibuyu. Kibuyu ni tunda lililokaushwa, na ukuta wake una vitundu vidogo mno. Maziwa huingia katika vitundu hivyo, na harufu yake hukaa humo. Ndiyo sababu kibuyu hakioshwi kama sahani. Kwa mfano, Wakalenjin wa Kenya hukisugua kibuyu kwa ndani kwa kijiti kinachowaka cha mti maalumu, hata ukuta ukapakwa unga mweusi wa makaa, ndipo hutia maziwa yanayoitwa mursik. Wao hawakukusudia kuitoa harufu yote; walichagua harufu wanayoipenda wakaiweka mahali pa ile wasiyoipenda.

Kioo si hivyo. Kioo hutengenezwa kwa mchanga mweupe, magadi na chokaa, vikayeyushwa pamoja katika moto mkali sana. Vikipoa huwa kitu kimoja kisicho na vitundu. Mafuta hayaingii ndani ya kioo, wala maziwa, wala siki. Basi mtu akisema, “Harufu imeingia katika kioo,” amekisingizia kioo. Harufu hukaa mahali patatu tu: katika utando mwembamba ulioshikamana na ukuta wa ndani, katika ukoko wa chokaa ulioachwa na maji, au katika kizibo. Mwenye kuisafisha chupa hana budi kupachunguza mahali pote patatu.

3. HARUFU TATU NA DAWA ZAKE

Daktari mwema huuliza ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Nasi tuulize kwanza: chupa hii ilikuwa na nini?

Ya kwanza ni harufu ya mafuta: mafuta ya alizeti, ya karanga, au samli. Mafuta yaliyobaki ukutani hukutana na hewa siku nyingi, yakaharibika, yakaanza kunuka vibaya. Maji matupu hayawezi kuyatoa, maana maji na mafuta hayapatani. Hapa yatakiwa sabuni na maji ya moto. Chembe ya sabuni ina ncha mbili: ncha moja hupenda maji, na ya pili hupenda mafuta. Ncha ya pili huyashika mafuta, na ncha ya kwanza hufuatana na maji. Hivyo maji yamwagwapo, mafuta nayo huchukuliwa.

Asiye na sabuni atumie magadi, au maji ya majivu. Chekecha majivu meupe ya kuni, tia konzi mbili katika chungu cha maji ya moto, koroga, uyaache hata yatulie. Maji ya juu yaliyo safi huteleza mkononi kama sabuni. Magadi na maji ya majivu hugeuza asidi za mafuta yaliyoharibika kuwa sabuni, yakatoka kwa urahisi. Wazee walilijua jambo hili kwa kulitenda muda mrefu kabla ya kuelezwa. Na Mfaransa Michel Eugène Chevreul, katika kitabu alichokitoa mwaka 1823, alieleza mafuta yameundwa na nini, ndipo wataalamu wakafahamu vema jinsi sabuni inavyozaliwa. Ila jihadharini: maji ya majivu yakiwa makali huchoma ngozi, na yakiingia machoni hudhuru sana. Mtoto asiyafanye peke yake bila ya mtu mzima.

Ya pili ni harufu ya uchachu: maziwa yaliyoharibika, pombe, mvinyo uliokaa. Harufu hii hutokana na asidi. Magadi na majivu ni adui wa asidi. Yakikutana nayo hugeuka kuwa namna ya chumvi isiyoruka hewani, na kitu kisichoruka hewani hakifiki puani. Lakini chupa ya maziwa isuuzwe kwanza kwa maji ya baridi, ndipo itiwe ya moto, maana maji ya moto yakitangulia huyagandisha maziwa ukutani, kama vile moto unavyogandisha yai.

Ya tatu ni shombo: chupa iliyotiwa unga wa dagaa au mchuzi wa samaki. Hapa magadi hayafai, bali huizidisha harufu. Shombo huzimwa na asidi. Ndiyo maana mpishi humtia samaki ndimu. Tia katika chupa maji ya ndimu, au siki, au maji mazito ya ukwaju, tikisa, uache saa moja, kisha osha kwa sabuni.

Asidi hizi zina faida nyingine katika nchi yetu. Maji ya visima vingi vya uwanda wa kati ni maji magumu, yana chumvi na chokaa. Yakikauka katika chupa mara nyingi huacha ukoko mweupe, na uchafu huushika ukoko huo. Siki au ukwaju huuyeyusha. Maji magumu hupinga sabuni pia, isitoe povu. Ukiyatia magadi kidogo kwanza, sabuni hufanya kazi yake.

4. KUOSHA KWA MAJI MACHACHE

Mtu wa pwani aliye karibu na mto ataosha chupa mpaka achoke. Dodoma mvua hunyesha hasa tangu Desemba hata Aprili, na katika miezi mingine yako mahali ambapo maji huchimbwa katika mchanga wa korongo, yakachukuliwa kichwani kwa mwendo mrefu. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: je, kwa maji machache chupa itakuwa safi?

Itakuwa safi, kama mtu anajua hesabu. Tuseme ya kuwa ukiisha kumwaga maji ya sabuni, kijiko kimoja cha uchafu hubaki kimeshika kuta za chupa. Mtu wa kwanza hutia vijiko 29 vya maji safi kwa mara moja, akatikisa, akamwaga. Ndani mlikuwa na vijiko 30, na kijiko kimoja kimebaki. Basi amebakiza sehemu 1 katika 30 ya uchafu ule.

Mtu wa pili hutia vijiko 9 tu, akatikisa, akamwaga. Amebakiza sehemu 1 katika 10. Akatia tena 9. Imebaki sehemu 1 katika 100. Akatia tena 9. Imebaki sehemu 1 katika 1,000. Huyu ametumia vijiko 27, pungufu ya mwenzake, na chupa yake ni safi zaidi ya mara 30! Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaona kwamba haba na haba husafisha chupa pia. Kanuni ni hii: suuza kwa maji kidogo, mara nyingi, na kila mara uyamwage yote.

Mkono hauingii chupani, basi twahitaji kitu cha kusugua. Watu wengine hutia mchanga. Mchanga wa korongo ni mgumu kuliko kioo, nao hukikwaruza; na katika mikwaruzo uchafu wa kesho hupata makao. Bora utie maganda ya mayai yaliyopondwa, ambayo ni laini kuliko kioo. Tia pamoja na maji ya sabuni hata robo ya chupa, ziba, utikise kwa nguvu, mara juu mara chini, na usiusahau mviringo wa kitako wala shingo. Kisha yamwage, usuuze.

Tena usimimine maji yanayochemka katika chupa ya baridi. Upande wa ndani hupanuka upesi na wa nje huchelewa, na chupa hupasuka, labda mkononi mwako. Ianze kwa maji ya uvuguvugu, ndipo uongeze moto. Ukitaka kuichemsha, tandaza kitambaa chini ya sufuria, weka chupa, tia maji ya baridi hata yaijaze na kuifunika, kisha washa moto. Mjini Dodoma, kwa kuwa nchi iko juu zaidi ya mita 1,100 kuliko bahari, maji huchemka kwenye joto la digrii 96 hivi, si 100. Basi iachwe ichemke kwa dakika kadhaa.

Viwanda vinavyojaza soda na bia katika chupa zinazorudishwa hufuata kanuni zile zile: maji ya moto, kisha dawa ya namna ya magadi iliyo kali mno, kisha kusuuza mara kwa mara. Lakini dawa ile hula nyama ya mtu, wala si ya kutumiwa nyumbani.

5. MAKAA NA JUA

Pengine umeosha vema, na bado harufu kidogo yabaki. Hapo yaite makaa. Kipande cha makaa ni chepesi kwa sababu kimejaa vitundu visivyohesabika. Na chembe za harufu zipitapo hushikwa katika kuta za vitundu hivyo. Mwaka 1785 mfamasia mmoja wa St Petersburg katika nchi ya Urusi, jina lake Johann Tobias Lowitz, aligundua ya kuwa unga wa makaa huondoa rangi katika maji yaliyochafuka. Akaendelea kujaribu, akaona huondoa na harufu mbaya pia. Katika Vita Kuu ya 1914–1918 makaa yalitiwa katika vifuniko vya uso vya askari ili kuzuia hewa ya sumu. Na hata leo makaa yaliyotengenezwa kwa ufundi maalumu hutumika kusafisha maji ya kunywa.

Wewe ponda makaa ya mti yaliyo safi, yasiyomwagikiwa mafuta wala mchuzi, hata yawe chembe kama za pilipili manga. Tia vijiko viwili katika chupa pamoja na maji ya uvuguvugu, tikisa, uyaache usiku kucha. Asubuhi mwaga, usuuze mpaka maji yatoke meupe.

Baadaye ipeleke chupa kwenye uchanja wa vyombo. Kwanza isimamishe kichwa chini, ili maji yote yachuruzike. Ikiisha kuchuruzika igeuze, mdomo uelekee juu, ukiufunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, nzi asiingie. Jua kali la Dodoma, ambalo katika mambo mengine twalilalamikia, hapa ni mtumishi asiyetaka mshahara: joto lake huzirusha chembe za mwisho, na upepo huzichukua. Chupa izibwe ikiisha kukauka kabisa. Ikizibwa na unyevu ndani, itazaa uvundo mpya usio wa kazi ya kwanza wala ya pili.

6. KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Iko chupa iliyooshwa kwa sabuni, ikatiwa makaa, ikakaa juani siku mbili, na bado yanuka. Mwenyewe hukata tamaa. Lakini amekitazama kizibo chake?

Kizibo cha gunzi, au cha gome la mti, kina vitundu kama kibuyu. Hunywa mafuta na siki, wala hakivitoi tena. Kifuniko cha bati kina utepe wa mpira ndani yake, na mpira nao hushika harufu sana. Mtu huosha nyumba yote, kisha humrudishia mwizi ufunguo. Kwa hiyo gunzi la zamani litupwe, likatwe jipya. Kifuniko cha bati kichemshwe katika maji ya magadi, kikaushwe juani. Kikizidi kunuka, kitafutiwe kingine. Kizibo hakina thamani kubwa, lakini asali iliyo chini yake inayo.

7. CHUPA ZISIZOTIWA CHAKULA

Sasa tumefika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote.

Mafuta ya taa huuzwa kidogo kidogo, na watu huyapokea katika chupa yoyote iliyo karibu. Mafuta hayo ni meupe kama maji. Tuseme msichana mmoja ameiosha chupa ya namna hiyo kwa bidii, naye anamwuliza mama yake.

“Mama, chupa hii nimeiosha kwa sabuni na majivu mara tano. Hainuki tena mafuta ya taa. Je, niitie maji ya kunywa?”

“La, mwanangu.”

“Kwa nini, mama? Si imekwisha kuwa safi?”

“Labda ni safi leo. Lakini ukiitia maji ya kunywa, mdogo wako ataiona, na atajifunza kwamba katika chupa ya namna hii hukaa maji. Siku nyingine mtu ataitia tena mafuta ya taa. Mtoto hatanusa kwanza. Atakumbuka umbo la chupa, naye atakunywa.”

Maneno ya mama huyo ni ya hekima. Mtoto mdogo hujifunza chombo kwa umbo lake, si kwa harufu yake. Na mafuta ya taa ni mepesi, huteleza upesi yakaingia katika njia ya pumzi na kuyadhuru mapafu. Aliyeyanywa asitapishwe, maana yarudipo juu huweza kuingia mapafuni mara ya pili. Apelekwe zahanati au hospitali bila ya kukawia, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aione.

Kwa hiyo chupa ya mafuta ya taa ibaki kuwa ya mafuta ya taa maisha yake yote. Itiwe alama ionekanayo, kama kitambaa chekundu shingoni, izibwe vema, iwekwe juu mahali asipofika mtoto, mbali na jiko na mbali na vyakula.

Kubwa kuliko hiyo ni chupa ya sumu: dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya wadudu wa shambani au wa ghalani. Hii isioshwe kwa kusudi la kutumiwa tena kwa chakula, wala kwa maji, wala kwa maziwa ya ndama. Hapa kuondoa harufu si usafi, bali ni hatari. Sumu nyingine hazina harufu kabisa. Na nyingine zina harufu kali ambayo huenda ikatoka kabla ya sumu yenyewe kwisha. Mwenye kuiosha chupa ile hata isinuke amemfukuza mlinzi mlangoni, na mwizi yumo ndani. Chombo cha dawa hiyo kiharibiwe, kisitumike tena, kikapelekwe mahali alipoagiza afisa wa kilimo au wa mifugo, mbali na visima na makorongo ya maji.

Na ile chupa iliyookotwa, isiyo na mwenyewe wala karatasi ya jina? Hatujui kama ni ya siki au ya sumu. Nayo ihesabiwe pamoja na chupa za sumu. Chupa tupu ni rahisi kupatikana. Mtoto hapatikani dukani.

YAKUMBUKWE HAYA

Penye harufu, kitu kimebaki. Mafuta hutolewa kwa sabuni au majivu. Uchachu kwa magadi. Shombo kwa ndimu, siki au ukwaju. Suuza kwa maji kidogo mara nyingi. Makaa na jua humaliza kazi. Kizibo kichunguzwe kama chupa. Na kabla ya yote hayo, uliza swali moja: chupa hii ilikuwa na nini? Usipopata jibu, usiitie kitu cha kinywa.

MASWALI

1. Kwa nini kutia karafuu katika chupa inayonuka si kuisafisha?
2. Eleza tofauti ya kibuyu na kioo katika habari ya harufu.
3. Chupa ya samli na chupa ya dagaa zimeletwa kwako. Utaisafisha kila moja kwa dawa gani, na kwa sababu gani?
4. Kijiko kimoja cha uchafu kimebaki chupani. Ukisuuza mara mbili, kila mara kwa vijiko 4 vya maji, itabaki sehemu gani ya uchafu huo? Na ukisuuza mara moja kwa vijiko 8?
5. Kwa nini mchanga haufai kusugulia chupa?
6. Mama alimkataza binti yake kutia maji ya kunywa katika chupa ya mafuta ya taa iliyokwisha kuoshwa. Sababu yake ilikuwa nini?
7. Tazameni chupa zote zilizo nyumbani kwenu pamoja na wazazi wenu. Ni zipi ambazo hazina alama? Ziandikeni, mkazitie alama leo kabla ya jua kutua.